Waliopakiwa Katika Treni: Umashuhuri wa Wakorea wa Uliokuwa Umoja wa Kisovieti

Muhula uliopita nilifundisha mada ya uhamishaji wa lazima wa watu katika karne ya 20. Nilipofika kwa Wakorea wa Umoja wa Kisovieti niliandika ubaoni tarehe moja, 21 Agosti 1937, na chini yake takwimu moja, 171,781. Kwa kuwa mhadhara ulikuwa wa saa nane mchana na ukumbi ulikuwa na joto, nikafanya jambo ambalo sasa nalijutia kidogo: nikataja majina ya watu mashuhuri wa jamii hiyo ili kuwaamsha waliosinzia. Mwanamuziki Viktor Tsoi. Mwanajimnastiki Nellie Kim. Bondia Kostya Tszyu. Gavana Vitaliy Kim wa Mykolaiv, ambaye wengi wao walikwisha kumwona kwenye taarifa za habari za vita ya Ukraine.

Ukumbi uliamka kweli. Kijana mmoja wa mwaka wa pili akanyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, ikiwa watu hawa wamekuwa mabingwa wa dunia, matajiri na magavana, je, hatuwezi kusema kwamba ile amri, pamoja na ukatili wake, iliwasaidia?"

Nilijibu kwa haraka, na nilijibu vibaya. Nilisema swali hilo halifai kuulizwa. Lakini linafaa, kwa sababu linaulizwa kila siku na watu wenye madaraka makubwa kuliko kijana yule, kuhusu watu wengi walioondolewa kwenye ardhi zao, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya upole kabisa: tazameni, si wamestawi? Makala haya ni jibu nililopaswa kulitoa siku ile. Nayaandika kwa ajili ya wanafunzi wangu, na pia kwa ajili ya ndugu zangu watumishi wa umma, kwa maana historia hii, kabla haijawa ya treni na baridi, ilikuwa ya jalada na mihuri.

Tuanze pale Wakorea walipokuwa kabla ya 1937. Kwa Mkataba wa Peking wa mwaka 1860, China iliiachia Urusi ukanda wa pwani ya Pasifiki, na ghafla Urusi ikajikuta inapakana na Korea kwenye Mto Tumen. Miaka michache baadaye, mnamo 1863 na 1864, familia za kwanza za wakulima maskini wa Korea ya kaskazini zilivuka mto huo na kuanza kulima upande wa Urusi. Njaa ya mwaka 1869 iliwasukuma wengine kwa maelfu. Japani ilipoimeza Korea mwaka 1910, wakulima hao walifuatwa na watu wa aina nyingine: wapiganaji wa msituni, waandishi, walimu na wanasiasa waliokataa kutawaliwa na Mjapani. Mji wa Vladivostok ukawa mojawapo ya makao makuu ya harakati za uhuru wa Korea nje ya Korea.

Wenyewe walijiita, na hadi leo wanajiita, Koryo-saram, yaani watu wa Koryo, jina la ufalme wa kale ambalo ndilo lililozaa neno "Korea". Katika miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 walikuwa na mamia ya shule zilizofundisha kwa Kikorea, gazeti lao lililoanzishwa Vladivostok mwaka 1923, chuo chao cha ualimu, na tamthilia yao ya kitaifa iliyofungua pazia mwaka 1932. Walilima mpunga mahali ambapo Warusi waliamini mpunga hauwezi kuota. Namwomba msomaji aishike orodha hii fupi, maana nitairudia.

Kisha ikaja amri. Ilitiwa saini na Molotov kwa niaba ya serikali na Stalin kwa niaba ya Chama, na sababu iliyotolewa ilikuwa sentensi moja: kuzuia ujasusi wa Kijapani usipenye katika Mashariki ya Mbali. Watu waliomkimbia Mjapani wakageuzwa kuwa majasusi wa Mjapani, kwa kuwa tu nchi ya babu zao ilikuwa chini ya himaya yake. Amri ya kwanza ilihusu wilaya za mpakani. Mwishoni mwa Septemba ya pili ikawakumba Wakorea wote wa eneo lile, wakiwemo wanachama wa Chama, maofisa wa jeshi na maprofesa. Kabla ya treni kuondoka, viongozi wao na wasomi wao wengi walikuwa wamekwisha kukamatwa, na wengi wa hao walipigwa risasi. Mwandishi Cho Myung-hee, aliyeitoroka Korea ili aandike kwa uhuru, aliuawa Khabarovsk mwaka 1938.

Amri yenyewe, ukiisoma kwa jicho la mtumishi wa ofisi, ni waraka wa kawaida kabisa. Ina vifungu vyenye namba. Inataja tarehe ya mwisho ya utekelezaji. Inaahidi fidia ya mali na mazao yatakayoachwa shambani. Inaelekeza kwamba Mkorea anayetaka kuvuka mpaka na kwenda nje asizuiwe, yaani aende kwa Mjapani yule yule ambaye anatuhumiwa kumtumikia. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri, aliripoti kwamba kazi ilikamilika tarehe 25 Oktoba 1937: treni 124, familia 36,442, watu 171,781, kati yao 95,256 wakiwa wamepelekwa Kazakhstan na 76,525 Uzbekistan. Hesabu iko sawasawa hadi mtu wa mwisho. Yezhov naye alipigwa risasi na dola ile ile mwaka 1940, jambo ambalo halikumfufua mtu.

Walisafiri kiasi cha kilomita 6,000 katika mabehewa ya mizigo na ya mifugo, safari iliyochukua takriban mwezi mzima, na wakashushwa penye nyika wakati majira ya baridi yakianza. Katika eneo la Ushtobe, Kazakhstan, wengi walijichimbia mashimo ubavuni mwa kilima cha Bastobe, wakayaezeka kwa matete, na humo wakapitisha baridi ya kwanza. Makaburi yapo hapo hapo kilimani. Watoto wachanga na wazee ndio waliotangulia.

Hapa lazima niwataje Wakazakhi, kwa sababu masimulizi mengi huwaruka. Nyika ile haikuwa tupu kwa asili. Miaka michache tu kabla, kati ya 1930 na 1933, sera ya kuwalazimisha wafugaji kuingia mashamba ya ushirika ilileta njaa iliyoua takriban watu milioni moja na nusu nchini Kazakhstan. Wakorea walishushwa kwenye ardhi iliyofagiliwa na msiba wa wengine, na wazee wao husimulia kwamba waliowapa mkate wa kwanza ni wenyeji ambao nao walikuwa wametoka kuzika watoto wao. Katika orodha za watu mashuhuri, huyo aliyemega mkate hana jina.

Sasa nirudi kwenye swali la kijana wangu, na nianze na mfano unaomsaidia yeye kuliko mimi. Kim Pen Hwa, aliyezaliwa 1905, aliongoza shamba la ushirika liitwalo Nyota ya Kaskazini katika mkoa wa Tashkent tangu 1940 hadi alipofariki mwaka 1974. Pale palikuwa na vinamasi na matete karibu na Mto Chirchik. Akapageuza kuwa mashamba ya mpunga na pamba yaliyosifiwa nchi nzima. Alipewa mara mbili nishani ya Shujaa wa Kazi ya Kijamaa, mwaka 1948 na mwaka 1951, na shamba hatimaye likapewa jina lake. Wageni walipelekwa kulitazama. Hoja ikawa rahisi: Mkorea ni mchapakazi, mpe kinamasi atakupa mpunga.

Sifa hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana ni hatari. Kim Pen Hwa hakujifunza kazi na nidhamu kwenye behewa. Kabla ya hapo alikuwa ofisa wa Jeshi Jekundu. Wakulima wake hawakujifunza mpunga Uzbekistan. Walikuja na mbegu na maarifa ya mababu. Tamthilia ya Kikorea haikuzaliwa Kazakhstan. Ilizaliwa Vladivostok, ikapakiwa pamoja na mapazia na mavazi yake. Gazeti, chuo, walimu, vyote vilikuwepo. Nilimwomba msomaji aishike ile orodha kwa sababu hii: kila ambacho watu hawa wanasifiwa nacho baada ya 1937 walikuwa nacho kabla ya 1937. Amri haikuwapa kitu. Iliwapunguzia, na kilichobaki ndicho kilichostawi.

Tena hesabu yenyewe ina kasoro ambayo mwanafunzi wa takwimu wa mwaka wa kwanza angeiona. Tunawahesabu waliofika. Aliyefia njiani mwenye umri wa miaka miwili hana nafasi ya kuwa bondia, kwa hiyo hayumo kwenye orodha, na kwa kuwa hayumo, orodha inapendeza.

Walichopunguziwa kwanza ni lugha. Chuo cha ualimu kilichohamishwa kutoka Vladivostok hadi mji wa Kyzylorda kiligeuzwa mwaka 1938 kuwa cha Kirusi, na shule nazo zikafuata. Lilibaki gazeti moja kwa ajili ya umma wote uliotawanyika, na ilibaki tamthilia. Mtoto aliyezaliwa Kyzylorda mwaka ule alikulia Kirusi. Alijua Kikorea cha jikoni, cha bibi, kile cha mkoa wa Hamgyong ambacho Mkorea wa Seoul leo hukisikia kama sauti kutoka kaburini. Kwa hiyo, ukiwatazama wanaoitwa waandishi wakubwa wa Kikorea wa Umoja wa Kisovieti, utaona kwamba wanaandika Kirusi. Anatoli Kim, aliyezaliwa Kazakhstan mwaka 1939 na kuandika riwaya ya "Belka" iliyochapishwa mwaka 1984, ni bwana wa nathari ya Kirusi. Yuli Kim, mshairi na mwimbaji, amechekesha na kuliza Warusi vizazi viwili kwa lugha yao wenyewe.

Huyu Yuli Kim anastahili aya yake. Alizaliwa Moscow mwezi Desemba 1936. Baba yake, mfasiri Mkorea, aliuawa mwaka 1938. Mama yake Mrusi, mwalimu, akapelekwa kambini na kisha uhamishoni, na mtoto akalelewa na ndugu. Alipokua naye akawa mwalimu, akafundisha hadi Kamchatka, na katika miaka ya 1960 akatia saini barua za kuwatetea waliokuwa wakishtakiwa kwa maoni yao. Mwaka 1968 alilazimika kuacha ualimu. Akaishi kwa kuandikia filamu na jukwaa nyimbo, lakini jina lake halikuruhusiwa kuonekana. Kwa miaka mingi alijulikana kwa jina la bandia, Mikhailov. Mamilioni waliimba maneno yake bila kujua kwamba mwandishi anaitwa Kim. Huo nao ni umashuhuri, wa aina yake.

Wapo wengine ambao mafanikio yao yamefungamana na kifungo kiasi kwamba huwezi kuvitenganisha. Mhandisi Mikhail Kim alifika Norilsk, mji wa migodi ulio juu ya Mzingo wa Aktiki, akiwa mfungwa. Pale ardhi imeganda barafu mwaka mzima, na majengo yenye joto huiyeyusha na kuzama. Yeye na wenzake walikamilisha mbinu ya kusimamisha majengo juu ya nguzo zilizozamishwa kwenye ardhi hiyo iliyoganda, ikiachwa nafasi ya hewa baridi chini ya sakafu. Mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Lenin. Anayetaka kusema kwamba kambi ya wafungwa ilimsaidia Mikhail Kim kuwa mvumbuzi, na aseme. Mimi nasema mhandisi huyo angeweza kuvumbua akiwa anarudi nyumbani kwake jioni.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wakorea wengi hawakuaminiwa kushika bunduki. Walipelekwa katika kile kilichoitwa jeshi la kazi, migodini na misituni. Ni wachache waliopenya hadi mstari wa mbele, na kati yao Kapteni Aleksandr Min aliuawa magharibi mwa Ukraine mwezi Julai 1944 na kupewa cheo cha Shujaa wa Umoja wa Kisovieti baada ya kifo chake. Vita vilipokwisha, dola ile ile ikagundua ghafla kwamba inawahitaji. Jeshi lake lilikuwa limekalia Korea ya kaskazini na halikuwa na watu wanaojua Kikorea. Mamia ya walimu, wahandisi na makada wakaitwa kutoka Tashkent na Kyzylorda wakaijenge dola ya Kim Il-sung. Aleksei Hegai alipanda hadi kuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa Chama cha Wafanyakazi cha Pyongyang, kisha mwaka 1953 akakutwa amekufa, na ikatangazwa kwamba amejiua. Katika miaka iliyofuata wenzake walisafishwa mmoja mmoja; waliobahatika walirudi Umoja wa Kisovieti. Kule waliitwa majasusi wa Japani, huku wakaitwa vibaraka wa Moscow.

Niseme neno dogo kuhusu hilo jina Hegai. Kwa Kikorea ukoo huo huitwa Heo. Karani wa Kirusi alipouliza, mtu alijibu kwa kawaida ya lugha yake, akiongeza silabi zenye maana ya "wa ukoo wa", na karani akaandika yote kama jina. Ndivyo walivyozaliwa akina Hegai, Yugai na Nogai, koo ambazo huwezi kuzikuta Seoul. Na Choi akawa Tsoi, na Jeong akawa Ten. Watumishi wa masijala wananielewa.

Sasa tufike kwa wanamichezo, ambao vijana wangu waliwapenda zaidi, na ambapo historia hii inapita karibu na mlango wetu. Nellie Kim alizaliwa Tajikistan mwaka 1957, baba Mkorea na mama Mtatari, akakulia Shymkent, kusini mwa Kazakhstan. Katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 alitwaa dhahabu tatu na fedha moja, na akapata alama kamili ya 10 katika michezo ile ile ambayo Nadia Comăneci wa Romania alikuwa amewaduwaza watazamaji kwa alama hiyo. Kwa wasomaji wa Tanzania na Kenya, Montreal ina maana nyingine: ndiko ambako hatukwenda. Nchi nyingi za Afrika zilisusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu, na Filbert Bayi hakupata kukimbia na John Walker katika mita 1,500. Miaka minne baadaye huko Moscow, Bayi na Suleiman Nyambui walileta nyumbani medali mbili za fedha. Nellie Kim alikuwa huko huko akiongeza dhahabu mbili. Wakati ule nilikuwa mtoto wa kubebwa, lakini majina ya Bayi na Nyambui nimekua nayo. La Nellie Kim nililijua ukubwani, na kwa miaka mingi nilidhani ni wa Korea.

Kostya Tszyu, mwana wa milima ya Ural, alihamia Australia mwaka 1992, na mwaka 2001 alimwangusha Zab Judah na kuunganisha mikanda ya uzani wa welta mwepesi. Hayo wapenzi wa masumbwi wanayajua kuliko mimi.

Viktor Tsoi ndiye mkubwa wao kwa kila kipimo cha mapenzi ya watu, na ndiye anayenipa kazi kubwa zaidi. Alizaliwa Leningrad mwaka 1962. Mama yake alikuwa Mrusi, mwalimu wa michezo. Baba yake, Robert Tsoi, alikuwa mhandisi Mkorea aliyezaliwa Kyzylorda mwaka 1938, yaani miezi michache tu baada ya treni kufika. Kijana huyo alianzisha bendi ya Kino, akaimba kwa maneno machache na sauti nzito isiyobembeleza, na kwa kuwa sheria ilimtaka kila raia awe na kazi, akachochea makaa kwenye tanuri la kupashia nyumba joto, mahali palipopewa jina la utani la Kamchatka. Mwaka 1988 aliigiza katika filamu ya "Igla" ya Rashid Nugmanov, iliyopigwa Almaty. Mwezi Juni 1990 alijaza uwanja wa Luzhniki jijini Moscow. Tarehe 15 Agosti mwaka huo alikufa katika ajali ya gari huko Latvia, akiwa na miaka 28. Wimbo wake wa kudai mabadiliko uliimbwa na waandamanaji wa Belarus mwaka 2020, miaka 30 baada ya kifo chake, na mafundi sauti wawili waliokamatwa Minsk kwa kuupiga katika hafla ya wafuasi wa serikali walithibitisha kwamba haujachacha.

Je, Tsoi ni Mkorea mashuhuri? Hakuimba Kikorea. Hakujenga umaarufu wake juu ya asili ya baba yake, na mashabiki wake hawakumpenda kwa ajili hiyo. Seoul humdai, Almaty humdai, Saint Petersburg haina haja hata ya kudai. Mimi naona kwamba kumwita "fahari ya Wakorea" bila kusema kwa nini mjukuu wa wavuvi na wakulima wa Pasifiki alizaliwa kwenye Bahari ya Baltiki akiongea Kirusi pekee ni kumpokonya nusu ya historia yake.

Denis Ten wa Almaty alikuwa wa kizazi kilichofuata, kizazi kilichoanza kuiuliza historia hiyo kwa sauti. Alikuwa wa uzao wa Min Geung-ho, kamanda wa wapiganaji wa msituni aliyeuawa na Wajapani mwaka 1908, na alijivunia hilo hadharani. Mwaka 2014 huko Sochi aliipatia Kazakhstan medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika mchezo wa kuteleza kwa madoido kwenye barafu. Mnamo Julai 2018 alichomwa kisu mchana kweupe mjini kwao na wezi wa vioo vya gari, akafariki akiwa na miaka 25. Maelfu walikwenda kumuaga, na wengi wakataka jeshi la polisi lifanyiwe mageuzi na waziri wa mambo ya ndani ajiuzulu. Pale hakuna aliyeuliza kama marehemu ni Mkazakhi au Mkorea. Alikuwa wao.

Vivyo hivyo Vitaliy Kim. Kusini mwa Ukraine, Wakorea wengi walifika kama wakulima wa msimu, wakikodi ardhi na kulima vitunguu na matikiti maji. Mwaka 2022 watu wa Mykolaiv walikuwa wakisubiri video za gavana wao mwenye jina la Kikorea, aliyeongea kwa utani huku mizinga ikilia, na tarehe 29 Machi kombora likapasua jengo la ofisi yake na kuua watu zaidi ya 30, yeye hakuwemo. Upande wa pili wa mstari ule wa vita wapo raia wa Urusi wenye majina kama lake, wajukuu wa watu waliopanda treni zile zile.

Nimemwacha wa mwisho mtu ambaye sikumtaja darasani, na ndilo kosa langu kubwa zaidi. Hong Beom-do alizaliwa Pyongyang mwaka 1868, mtoto wa maskini, akawa mwindaji milimani. Mjapani alipowanyang'anya wawindaji bunduki zao, yeye akaigeuza ya kwake. Mwezi Juni 1920, katika bonde la Fengwudong huko Manchuria, aliongoza wapiganaji waliolipiga jeshi la Japani, na mwezi Oktoba akashiriki ushindi wa Cheongsanri. Kisha akavuka kuingia Urusi, akapokewa kama shujaa, akaonana na Lenin mwaka 1922 na kuzawadiwa bastola. Akajiunga na Chama. Mwaka 1937 mzee huyu, aliyekuwa amepigana na askari wa Japani kwa miaka mingi, alipakiwa behewani pamoja na wengine kwa shaka ya ujasusi wa Kijapani.

Kyzylorda ilimpa kazi ya ulinzi katika ile Tamthilia ya Kikorea. Mwaka 1942 wasanii walicheza mchezo wa Tae Jang-chun uliohusu maisha yake, naye bado yuko hai. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1943, miaka sita kamili tangu siku ambayo, kwa maandishi ya Yezhov, kazi ilikamilika.

Wakorea wa Kyzylorda walilitunza kaburi lake kwa karibu miaka 80. Tarehe 15 Agosti 2021, siku ambayo Korea huadhimisha ukombozi wake, mabaki yake yalirudishwa Korea Kusini kwa ndege ya kijeshi, ikisindikizwa na ndege za kivita, na akazikwa kwenye makaburi ya taifa ya Daejeon. Miaka miwili haikupita vizuri. Mwaka 2023 ukazuka mgogoro mkali Seoul kuhusu sanamu yake iliyosimama kwenye chuo cha maofisa wa jeshi: wenye madaraka walitaka iondolewe, kwa kuwa mzee alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti cha Kisovieti. Stalin alimhamisha kwa kuwa Mkorea; sasa jeshi la Korea likataka kumhamisha kwa kuwa Msovieti.

Wajukuu wa majirani zake wa Kyzylorda nao wapo Korea Kusini leo, kwa makumi ya maelfu, katika viwanda vya Ansan na mitaa ya Gwangju. Wanaongea Kirusi, wanapika saladi ya karoti kwa siki na kitunguu saumu ambayo bibi zao waliibuni kwa kukosa kabichi ya kwao, na ambayo Urusi nzima huiita ya Kikorea ingawa Korea yenyewe haikuijua. Hadi mwaka 2019 sheria iliwatambua kuwa Wakorea wa ng'ambo hadi kizazi cha tatu. Mtoto wa kizazi cha nne alipofikisha utu uzima alihesabiwa mgeni kama mgeni mwingine, naye alitakiwa kuondoka.

Kijana yule wa mwaka wa pili nitakutana naye tena, maana amejiandikisha kwa somo langu lijalo. Mada hii nitaifundisha upya. Tarehe na takwimu nitaziandika ubaoni kama mwanzo, na chini yake, kabla ya Tsoi na Nellie Kim, nitaandika: mlinzi wa tamthilia, Kyzylorda.